Kijiti cha Mama Lokana

Jumatatu, 10 Novemba
Kambi ya wakimbizi toka asubuhi. Mvua, matope. Kwa utafiti wangu nahoji wanawake waliokimbia vita Djugu: nani anazaa, nani anaamua. Nimekawia kwa Mama Lokana. Mwanawe, Lokana, ana usonji, hasemi. Mvua ikipiga turubai anaziba masikio na kulia, majirani wanasema ana pepo. Mama yake anamfunika kitenge kichwani, anangoja.
Mwaka jana mimba ilimtoka. Tangu hapo hashiki nyingine. Nimemuuliza kwa nini anataka kuzaa tena. Lokana awe na ndugu wa kumtunza mama yake akifa, amesema. Kisha akanigusisha kitu kigumu chini ya ngozi ya mkono. Walimwekea kwenye kituo cha afya mimba ilipotoka, wakamwambia ni dawa ya damu.
Ni kijiti cha kuzuia mimba. Nimemwambia. Akaendelea kusonga bugali.

Jumatano, 12 Novemba
Nimemkabili muuguzi wa kile kituo. Hana hata haya.
"Ule mama iko na mutoto wa vile. Anataka kuzala tena wa namna gani? Siye tulimusaidia."
Nikamuuliza kama angemwekea mkewe bila kumwambia. Akacheka. Watu wa ovyo kabisa.

Ijumaa, 14 Novemba
Mkutano wa mashirika, mjini Bunia. Soda, biskuti, viyoyozi. Nimesimama, nimesema yote isipokuwa jina lake. Wakanishukuru kwa mchango. Wakanishukuru! Mmoja akashauri niandike ripoti.
Neno la haki halikumgusa mtu. Nilipotaja ndugu wa kumtunza yule mtoto, ndipo vichwa vikainuka. Daktari mmoja wa kliniki ya Saio akakubali kukitoa kijiti. Nimefurahi, na nimekasirika kwamba ilibidi niwabembeleze kwa huruma.

Jumanne, 18 Novemba
Saio. Kimetoka, bila shida. Tumekaa kwenye benchi nje, Lokana kati yetu, kitenge kichwani kwa sababu ya kelele za pikipiki.
Nikasema sasa Lokana atapata ndugu.
"Sijue kama nitazala," akasema Mama Lokana. "Ile ya ndugu nilikuambia juu ya vile weye ulikuwa unauliza sababu. Nyinyi wote munapenda sababu."
Akakishika kile kijiti alichopewa na daktari, akakitazama, akakitupa kwenye majani. Tukangoja pikipiki yetu ipunguze kelele kwa ajili ya Lokana, ndipo tukapanda.