Kifuniko cha Mluzi

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto tu. Maji ya chai chemshia kwenye sufuria nyingine. Birika usiliguse.

Unakumbuka tulivyomnyima kitindamimba katuni wiki nzima kwa kupoteza kifuniko cha birika, kile cha mluzi? Nimekikuta leo asubuhi ndani ya kiatu chake cha mvua. Nikakasirika, nikakirudisha, nikabandika maji. Kilipoanza tu kulia, mtoto akaacha mkate wake, akapanda kiti, akaniziba masikio kwa viganja vyake mpaka nikazima jiko.

"Mama, hiki kikilia ndiyo unaanguka."

Nikakaa chini nikahesabu. Tangu kipotee ni siku kumi na tisa, na kifafa hakijanishika hata mara moja. Mimi na daktari tumetafuta chanzo miaka miwili. Yeye ana miaka mitano, na alibeba adhabu yetu bila kusema kilipo.

Nimekwenda kumweleza daktari. Kifuniko ninacho, nimekiviringisha kwenye soksi.

Akirudi kutoka shule ~~usimwambie kitu~~ mwombe radhi, maana wewe ndiye uliyemwita mkaidi. Katuni mfungulie hata kama hajaoga.

Mama wa mwizi