Kifua Changu Hakina Mita

Wafula, mume wangu,

Umepotea sana, na huna aibu. Tangu tukuzike umekuja mara moja tu, ndotoni. Ukasimama mlangoni kama askari, hukuniamkia mimi Kukhu, nyanya yako, hukumwamkia Nekesa mkeo, ukatazama mtoto tu, ukaenda zako. Hivyo ndivyo nilivyokulea? Wewe uliyekuwa ukiingia hapa ukipiga kelele, "Mke wangu mkubwa, chakula kiko wapi?" Leo hata hodi imekushinda.

Nasema mimi, anaandika mjane wako. Mimi kalamu sijui inashikwa upande gani. Nekesa, usipunguze maneno yangu. Andika vile nasema.

Mtoto wako alikuja kabla ya siku zake, baada ya lile lori kukulalia kule Mai Mahiu ukiwafungia watu betri. Mdogo! Ukimweka kwenye ungo wa wimbi utamtafuta. Mkunga alisema, "Mwekeeni joto, Kukhu. Asipoe." Basi, akaenda. Na baridi ya Nakuru wakati wa mvua unaijua, inavyopita chini ya mlango.

Tukatoa lile sanduku ulilonitengenezea la vifaranga. Waya wako uliouzungusha kwenye kigae, betri ya lori, na ile mita yenye mshale. Unakumbuka ulivyonikalisha chini na mahindi, mimi kizee? Ukasema, "Kukhu, betri inasukuma kwa volti kumi na mbili. Mshale unasema ampea tatu ndizo zinapita. Gawia watu watatu punje kumi na mbili." Nikagawa, kila mtu akapata nne. "Huo ndio ukaidi wa waya. Omu nne. Sasa zidisha, kumi na mbili mara tatu." Punje zikaniishia, nikaongeza maharagwe. Thelathini na sita. "Hizo ni wati, Kukhu. Ndizo joto lako." Nikakuambia vifaranga wa mama yangu walikua bila hesabu. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Tukamlaza humo juu ya pamba. Mshale kwenye tatu. Akapata rangi, akaanza kumeza maziwa kwa kijiko. Wenzako wa gereji, Mungu awabariki, wakawa wanatuchajia betri. Nikasema, Wafula amekufa lakini bado analea mwanawe.

Halafu waya ukaungua, ukakatika. Nekesa akatoa kipande kilichoungua, akaunganisha kilichobaki. Akasema, "Kukhu, waya umekuwa mfupi, joto litapungua. Tuongeze blanketi." Nani angembishia? Kuni chache, moto mdogo. Lakini nikatazama mshale. Uko kwenye nne. Nikamwaga punje sakafuni. Kumi na mbili kwa watu wanne: tatu. Ukaidi umepungua! Kumi na mbili mara nne: arobaini na nane. Nikapiga kelele, "Mtoe! Mtoe, ataiva!" Tulimtoa mwekundu kama nyanya, anahema.

Unaona ulivyonifanya? Ulinifundisha kujua, hukunifundisha kutengeneza. Tulijaribu kuongezea waya wa kawaida, mshale haukusogea hata kidogo. Ule hauna ukaidi, unapitisha tu. Waya wako uliutoa wapi, baba? Gerejini hawajui. Wanasema Wafula alikuwa akiokotaokota vitu. Na huu uliobaki ukaja ukavunjika kabisa, ukiugusa unakuwa vipande. Sasa nina volti kumi na mbili nzima zimekaa pembeni, kama ng'ombe aliyejaa maziwa na hana chuchu.

Kwa hivyo sanduku ni mimi. Nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, hata sasa nikisema haya. Nekesa anamkamulia maziwa, ananifulia nguo, analia. Usikatae kuandika, Nekesa, unalia, na yeye ajue. Mimi napasha joto. Hata chooni naenda naye.

Lakini Wafula, kifua changu hakina mita. Sijui natoa wati ngapi. Leo asubuhi miguu yake ilikuwa baridi. Nikaisugua, nikaipulizia, nikakutukana wewe kwa jina. Mtu wa miaka yangu amebakiwa na moto kiasi gani? Nani atanisomea? Punje ninazo mkononi, na sina cha kugawa. Naweka sikio kwenye pua yake. Kuna pumzi. Halafu inakawia. Halafu inakuja.

Wanataka tumpe jina lako. Nimesema wangoje. Kwanza ashike mwili.

Basi tulia huko uliko, mume wangu. Ile nyasi ya kaburi lako nitaing'oa kwa mikono yangu. Na huyu sitamweka chini, hilo nakuapia. Akipata nguvu nitamleta kwako akukojolee hapo juu, iwe ndiyo salamu yake ya kwanza.

Na wewe ukija tena, piga hodi kama mtu. Usisimame upande wa mtoto, usimtazame vile ulivyomtazama. Zunguka, pitia kwangu. Kama waliokutuma huko wamekukataza kurudi mikono mitupu, nishike mimi mkono, nitafuata bila kelele. Lakini mwamshe Nekesa kwanza, ampokee mtoto, asipoe.