Maghala Mawili ya Bwana Tak

Jumatatu, 6 Machi

Programu ya picha imegoma. Nafasi imejaa, inasema. Bwana Tak, mwenye studio, kaja na kahawa yake kusimama nyuma ya kiti changu. Haiwezekani, kasema, upande wa mafaili uko mtupu, kauona kwa macho yake.

Nikamweleza. Tunalipia kifurushi kimoja, sawa, lakini ndani yake mna maghala mawili mtandaoni. Moja la mafaili: barua, mabango. Jingine la picha tu, zinazopanda zenyewe kutoka kwenye programu. Hayajuani. Hili likijaa, lile halisaidii kitu.

Akacheka. Eti nani analipa mara moja akapewa makabati mawili? Kisha akaniita mtoto wa kompyuta. Nina miaka thelathini na minne!

Alhamisi, 9 Machi

Kajitatulia mwenyewe. Kafuta picha za wazee wa hapa Sangok, wote arobaini na mmoja, tuliowapiga picha bure mwezi uliopita ili familia ziwe na picha ya kuweka madhabahuni siku ya msiba. Kadi ya kamera ilishafutwa zamani. Eti nakala ziko kule kwa mafaili.

Kule kuna folda, "Wazee wa Sangok". Ndani yake, orodha ya majina. Basi.

Nilifungua mdomo. Akaniinulia kidole, akaendelea kuzungumzia gofu kwenye simu. Nikaufunga. Acha aumbuke.

Jumanne, 2 Mei

Kamwambia mteja kwamba studio yetu "imehamia mtandaoni yote". Jitu zima.

Jumamosi, 6 Mei

Asubuhi kaingia Bibi Guk na mkwe wake. Mumewe, Mzee Pyo, kafariki jana. Waombolezaji wameshaanza kufika, na madhabahuni wameweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa. Anaonekana kama mtu anayesakwa na polisi, kasema mkwe.

Bwana Tak akawapa chai ya shayiri, akaomba dakika mbili. Akafungua folda. Orodha. Akaipandisha, akaishusha, ukurasa ule ule mmoja. Masikio yakamwiva. Miezi miwili nimeingoja sura ile. Hata maneno nilikuwa nayo tayari.

Bibi Guk akanigeukia mimi.

"Mwanangu, siku ile ya picha alinyoa ndevu mara mbili. Katoka vizuri, eh?"

Maneno yale nikayaacha.

Nikamwondoa Bwana Tak kitini. Ghala la picha lina pipa lake la vilivyofutwa, na vitu hukaa humo siku sitini. Wote walikuwemo. Chini ya kila uso: zimebaki siku 2. Mzee Pyo anatabasamu, tai imepinda kidogo. Nikabonyeza, akarudi.

Bwana Tak hakuitazama picha. Alitazama tarehe ya kufutwa, kisha akanitazama mimi. Akaniinamia, sauti ya chini.

"Ulikuwa umekaa hapa hapa. Ulijua, binti?"

Nikasema naenda kuleta karatasi nzuri ya kuchapia. Niko stoo sasa. Karatasi iko mapajani, daftari juu yake. Ukuta ni mwembamba. Bibi Guk anauliza kama kuna tatizo. Bwana Tak anamjibu taratibu, bila ule ubosi wake. Anasema picha alizifuta yeye, kwa kutojua, kwamba kosa ni lake peke yake, na kwamba aliyeziokoa ni huyu msichana wake.

Mkwe ananishukuru kwa sauti, kupitia mlangoni.

Wananingoja. Karatasi ninayo, lakini bado nimekaa.