Bakuli Ulilolifunika Kando ya Taa

Ayeyo wangu mpenzi,

Leo nimesimulia habari zako darasani, bibi yangu, na watoto wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nimebakiza muhula mmoja nistaafu ualimu, na kuna jambo sijakuambia, ingawa najua huko uliko hakuna posta.

Unakikumbuka chumba chetu nyuma ya hospitali pale Garissa? Baba, mwanao, alikuwa mpishi wa wagonjwa. Ulikuja kwetu kutoka Balambala baada ya vita vya Shifta kukumalizia ngamia, ukakuta ajabu: taa ya umeme inayowaka mchana. Jenereta ilinguruma kutwa kwa sababu ya majeruhi, na waya mmoja ulifika hadi kwetu. Ulikuwa ukiisogezea taa kiganja chako na kusema, "Moto usio na moshi, mimi siuamini."

Nilikuwa darasa la nne, msichana pekee darasani. Baba alishaniambia waziwazi: mwalimu akileta lalamiko moja tu, nabaki nyumbani. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa kutoka Kenya, kama tulivyosema siku zile, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. Ijumaa moja akanipa kazi, maana ni kwetu tu palipokuwa na umeme. Niweke mabakuli mawili yenye maji sawasawa, moja kando ya taa, jingine kona ya mbali, halafu nipime kwa kijiti nione maji ya wapi yanakauka upesi.

Nilishusha taa kwa waya wake mpaka ikakaribia kugusa ubavu wa bakuli, nikaenda madrasa. Nawe ukaingia, ukakuta maji yako wazi. Wewe, ayeyo, uliyefunika hata maji ya kuku! Kifuniko kilikuwa kimoja, ukalihurumia lile lililokuwa likichomwa. Alasiri ukakitaka kifuniko kwa sufuria ya wali, ndiyo maana niliporudi niliyakuta yote mawili wazi. Nikapima. Maji ya kona yalikuwa yamepungua kidogo, ya kando ya taa yalikuwa vilevile.

Nikaandika nilichoona. Jumatatu mwalimu akasoma, akasema sikufanya kazi yoyote, nimebuni tu, na kesho yake nije na baba.

Nilifika nyumbani nikilia. Ukaniambia bila wasiwasi, "Ayeyo, lile la taa nililifunika mimi." Ukaniita kwa jina nililokuita, kama ilivyo desturi yetu ya bibi na mjukuu. Nami nikakujibu, "Laiti ungebaki hukohuko Balambala."

Ulikiokota kifuniko ukakipangusa kwa ncha ya mtandio wako.

Asubuhi, baba akiwa bado kwenye uji wa wagonjwa, uliweka bakuli kando ya taa ukalifunika. Kisha ukalibeba kwa mikono miwili mpaka shuleni. Askari getini alitaka kulifunua, maana siku zile kila kilichofunikwa kilitiliwa shaka. Ukamwambia atakayefunua ni mwalimu, ukaketi mchangani hadi mwalimu akaitwa. Darasa zima tulikuwa dirishani. Alipoinua kifuniko, matone yakamdondokea kwenye viatu.

"Mwalimu, maji hapana botea," ukamwambia kwa Kiswahili chako cha sokoni, kila p ikigeuka b. "Taa nabeleka juu, kifuniko narudisha. Mtoto hapana sema wongo."

Mwalimu alikigeuza kile kifuniko, akakitazama. Kisha akaniita ubaoni niwachoree wenzangu jinsi maji yanavyopanda na kurudi. Baba hakuitwa tena, na mimi sikutolewa shuleni.

Lakini sikukuomba radhi. Kichwa kilikuwa kimenivimba kwa kushinda, nikadhani mambo yamekwisha. Mwezi haukupita, ukasema unarudi Balambala kutazama kama kuna mnyama aliyesalia. Baba alikusihi, njia ilikuwa mbaya, hukusikia la mtu. Mlangoni ulinigeukia ukaniambia, "Ayeyo, funika maji." Hatukupata habari zako tena. Hata kaburi lako hatulijui.

Miaka yote hii najiuliza kama ulifuata ngamia au ulifuata neno langu. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, na hilo neno langu sijaweza kulizoa.

Leo nimeweka mabakuli matatu, kama nifanyavyo kila mwaka. Kitabu kinataka mawili. Binti mmoja aliyetoka Kotile akauliza la tatu, lile lenye kifuniko, ni la nini. Nikamjibu ni la bibi yangu, nikawasimulia ulivyoketi getini, ndipo wakacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda akafunua, akapitisha kidole chini ya kifuniko, akasema, "Mwalimu, kumbe maji yapo hapa." Nikajifanya natafuta chaki.

Nisamehe, ayeyo. Nilikuwa mtoto mwenye hasira. Sikutaka ubaki Balambala, nilitaka ubaki na sisi.

Mjukuu wako, ambaye nyumbani kwake maji hayajawahi kuachwa wazi.