Bendera ya Buluu ya Mzee Rosewarne

Falmouth, Jumatano

Dada yangu Tamsin,

Pokea salamu tele, wewe na shemeji na hilo goti lake. Mimi mzima, nakula, nacheka. Kaa chini kwanza: katika watu wote wa Falmouth, bahati imenichagua mimi! Mzee Rosewarne, tajiri wangu niliyemtumikia chomboni miaka kumi na tisa, amefariki, Mungu amrehemu, na mashua yake ya matanga kaniachia mimi nduguyo. Kile chumba chako cha nyuma mpangishe umtakaye. Mimi sasa mwenye chombo.

Ila nimechanganyikiwa, Dada. Jumatatu saa mbili asubuhi nilipandisha bendera nyuma ya mashua kama kawaida, ile ya buluu, nusu mlingoti kwa ajili ya msiba. Gorran wa mashua ya jirani akanirukia: eti Jory, umekuwa lodi lini? Buluu ni ya mwenye kibali cha klabu ya mashua, tena awepo chomboni, na mwenye kibali yuko kanisani ndani ya sanduku! Pandisha nyekundu ya kila mtu, kama sisi makabwela na meli za mizigo. Nikamwambia akautafutie kibali mdomo wake. Lakini nikashusha.

Nikapandisha nyekundu. Akapita bwana mmoja wa klabu, akaniuliza kwa upole marehemu kakosa nini hata avuliwe heshima kabla ya kuzikwa. Nikarudisha buluu. Gorran akapiga mluzi. Kufika saa sita nilikuwa nimebadilisha mara sita, na kivuko kizima cha watalii kikatupungia mikono wakidhani tuna sherehe.

Mwishowe akaja mjane, Bi Hester, na mwavuli wake. Akasema, Jory, hayumo humu tena. Shusha. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mkono ulikuwa mzito kila nilipoishusha: buluu ikipepea, maana yake mzee yumo. Nikashusha, tukaikunja wawili kama shuka, akanikabidhi. Alisema mzee aliagiza nipewe mimi.

Basi hicho ndicho nilichorithi, Dada: kitambaa nisichoruhusiwa kukipandisha popote. Mashua kauziwa daktari wa meno wa Plymouth, na Jumamosi nahama humo nilimokuwa nikilala.

Msalimie shemeji, na wanao wote. Chumba cha nyuma, kama hujampa mtu, nakuomba usimpe. Ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo mtupu.

Nduguyo,
Jory