Vidonge Kumi na Viwili kwenye Sinia la Keki

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue unaandikiwa na nani: mimi ndiye fundi keki ambaye nilifinyanga jino la sukari na daktari wa meno akataka kuliziba, na bwana harusi mmoja alichuma ua langu kwenye keki akamchomekea mkewe nyweleni likamyeyukia shingoni, shule niliishia darasa la saba lakini nionyeshe kitu chochote, kifungo, kipuli, nitakutengenezea kwa sukari mpaka mwenyewe uzubae.

Sasa sikia. Kwenye timu yetu ya mpira kuna winga tunamwita Kiberiti, akiwaka hazimiki, goti likamsumbua, akaagiza vidonge vya maumivu kwa mtu wa kwenye simu ambaye hajawahi kumwona hata kisigino. Muuguzi wa zahanati alishatuonya kwamba siku hizi kuna vidonge bandia vinatiwa fentanili, dawa kali ambayo chembe chache kama za chumvi zinaweza kukata pumzi ya mtu, lakini wenzangu walisinzia, na Kiberiti akasema vyake vina alama ya kiwandani na rangi ileile. "Nina macho, fundi," akaniambia. "Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia."

Mimi nilimwelewa muuguzi kuliko wote maana hayo ni mambo ya unga: ukikanda vibaya chumvi yote inakimbilia pembe moja, huyu anakula mkate mtamu, huyu anatema, na hao wa uchochoroni wanakoroga kwa kubahatisha, sasa kidonge cha jana kimekuacha hai, cha leo nani anajua.

Basi Jumapili mchana nikachukua vidonge vinne vya presha vya Bibi yangu ninayeishi naye, nikafinyanga vinane vya sukari, nikanakili mpaka kale kamstari ka katikati, nikapanga vyote kumi na viwili kwenye sinia la keki, nikaita timu nyuma ya tanuri, nikasema hakuna kugusa, hakuna kulamba, mwenye macho anionyeshe vinne vya kweli. Shangazi, ungekuwepo! Golikipa alipiga magoti, kocha akavaa miwani ya mkewe, wachezaji kumi na mmoja wakatoa majibu kumi na moja, wakabishana mpaka wakasukuma sinia huku na huku. Kiberiti akaniambia haya, tuonyeshe wewe. Nikaokota vinne bila kupepesa, nikavirudisha kwenye chupa ya Bibi, vilivyobaki nikavitupa tanurini kwa mbwembwe, wakanipigia makofi. Kiberiti akavua soksi, akatoa kipakiti chake. "Twende kwa muuguzi kabla sijabadili mawazo." Tulimsindikiza kwa nyimbo kama bingwa, na goti sasa linatibiwa na daktari wa kweli.

Sasa vijana wa mitaa yote wananitaka ukumbini Jumamosi, hata bango wameshabandika, nami sijui niende au nijifiche, kwa sababu jana Bibi alimeza kidonge kwa chai, akalamba midomo, akasema siku hizi dawa wameitia utamu, nyumba nzima ikacheka, nikacheka nami. Shangazi, pale kwenye sinia nilibahatisha. Nilivifinyanga mwenyewe, na hata mimi sikuvijua.

Fundi Mikono ya Dhahabu

SHANGAZI ANAJIBU

Wasomaji, tulieni. Barua kama hii haingoji gazeti lichapwe. Nilimpigia fundi simu saa ileile, akampeleka Bibi zahanati na chupa mkononi. Presha ilikutwa imepanda, si sana, akapewa dawa mpya, na chupa ya zamani ikabaki kwa mfamasia.

Sasa wewe, fundi. Umemnusuru mwenzako, kwa hilo nakuvulia kilemba. Lakini dawa ya mgonjwa si kifaa cha maonyesho, na pale Bibi aliposifia utamu ukacheka, ulistahili mwiko wako mwenyewe mgongoni. Ungesema palepale, ungeona aibu tu.

Jumamosi nenda. Vidonge vyote kumi na viwili viwe vya sukari. Wachague wee, kisha uwaambie hakuna hata kimoja cha kweli. Dawa ni ya daktari na duka la dawa, si ya rafiki wala ya simu. Mwenzao akimeza kitu akawa haamki, anakoroma au pumzi zinakwenda kwa kusuasua, midomo inabadilika rangi, wasimwache eti alale ataamka: waite msaada wa dharura, wakae naye, na kama dawa ya naloksoni, inayozima makali ya fentanili, ipo, apewe. Wasiogope kugombezwa. Anayegombezwa yuko hai.

Na usishuke jukwaani bila kusema lile uliloliweka mwisho wa barua. Nilimuuliza Bibi kama litamwaibisha. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Aniwekee kiti cha mbele," akasema. "Akiliruka hilo, nitasimama nilisimulie mwenyewe."