Mama Kalenga, Piano Iliingia

Mama Kalenga,

Usiniulize juu ya nini sikukuandikia mbele. Mwenye kufa haiko na haraka, na miye nilikuwa na samaki ya kukausha. Tena unajua mukono yangu na kalamu habapatane. Masomo yangu iliishia primaire, siku baba alisema mutoto mwanamuke anatosha kusoma Biblia. Bon. Biblia nasoma, na barua naandika. Kama iko makosa, nyamaza tu. Weye ulikuwa unaandika mubaya kunipita.

Matanga yako tumemaliza juzi, siku ya samedi. Nakuelezea yote miye mwenyewe, juu batoto yako, kama banakuambia ndani ya sala, batakudanganya.

Neno yenye uliniachia unaikumbuka. Ulilala pale kwenye mukeka, miguu imevimba, na ungali unagombeza batu. Ukanishika mukono: "Mama Ngoy, siku ya kumaliza matanga, asubui baimbe mapambio yabo. Kiisha mutie ile kaseti yangu ya piano. Yote. Na ikifika sebene, pale pa kucheza, sitaki mutu akae." Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Neno ya mwenye anakufa hairudishwe. Usipoifanya, mwenye kwenda hapumuzike, na mwenye kubaki pia hapumuzike. Ukanitwika ile muzigo, ukafunga macho, ukaenda. Asante sana, rafiki yangu.

Ile kaseti! Nacheka paka leo. Ulifungua balo ya salaula, mitumba yako, pale soko ya Kashikishi, katikati ya masuruali na mashati ukavuta koti nzito ya bazungu, ya baridi yenye haijafika hapa tangu Mungu aumbe ziwa. Nikakuuliza, "Utamuuzisha nani, samaki?" Ukatia mukono mufukoni ya koti, ukatosha kaseti, maandiko yote imefutika. Tukaitia kwa radio yako. Siye orkestre tunajua: magitare, ngoma, banaume ya suruali ya kubana. Hii hapana gitare hata moja! Vinanda mingi ya kamba, sawa nyuki bamekasirika, na tarumbeta kule mbali. Jirani yetu akatoka mbio, mutoto mugongoni, sufuria kwa kichwa. "Nani amepindua? Nani?"

Hatukumucheka sana. Mioyo yetu pia iliruka. Kwetu kule ngambo, radio ikikata rumba na kuleta vinanda bila maneno, kila mutu alijua: mukubwa amekufa, ao basoda bamekamata inchi. Ile miziki ilikuwa inatembea mbele ya habari mubaya sawa upepo mbele ya mvua. Ukiisikia, unafunga mizigo. Weye na miye tulivuka hii ziwa kwa sababu ya habari yenye ilifuata miziki ya namna ile.

Lakini weye ulikuwa kichwa nguvu. Ukarudilia kusikiliza, kesho yake tena. Tukaanza kubishana. Piano njo soliste, orkestre inamujibu, sawa weye na miye sokoni: mumoja anasema, mwingine anachukua ile neno na kuiongezea chumvi. Sehemu ya kwanza, bugomvi. Ya katikati, polepole, njo pale ulikuwa unajifuta macho na kusema ni moshi. Ya mwisho, sebene, hapana kubisha. Siku mwalimu mumoja ya masomo alituambia mbele ya orkestre yote kunasimama mutu na kafimbo, na yeye hapige kitu hata kimoja, nilisema: "Hiyo kweli ni kazi ya mwanaume. Kusimama mbele ya batu benye banatumika, na kupepea."

Sasa sikia bubaya yako. Ile kaseti uliitundika wapi? Ndani ya chumba ya moshi, juu ya samaki, eti panya basiikule. Panya habakuikula. Joto njo iliikula! Juma ya matanga tunaitia kwa radio, piano inalia sawa mulevi anatafuta mulango yake. Kiisha ikanyamaza.

Kalenga yako akafurahi. Ndiyo, nakusemea mutoto yako! "Mama Ngoy, Mungu amejibu. Tutaimba mapambio, basi. Ile miziki, bazee batasema tunaita vita."

"Vita umeshaiita," nikamwambia. "Na miye."

Lakini nikirudi nyumbani nilikaa chini, nguvu imekwisha. Nitakuambia nini, siku tutaonana? Kama kaseti ilioza?

Njo Bea akakuja. Bea, muke ya Kalenga, ule mwenye ulikuwa unamusema kila siku, eti hajue hata kugeuza chisense, samaki hizi ndogo, juani. Alikuja na simu yake, akakaa kando yangu. "Mama, imba."

"Niimbe nini, siko na chakula hata."

"Miziki ya mama mukwe. Simu itasikiliza, kiisha itaitafuta."

Nikaimba, na hii sauti yangu ya chura. Simu ikakataa. "Rudilia, mama, ila bila kutukana." Nikarudilia. Mama Kalenga, ikaileta! Na haikuleta moja. Ileile miziki, lakini batu mingi bameipiga, kila piano na orkestre yake, kila orkestre na mwenye fimbo yake. Tukakaa kwenye muchanga, chisense zinakauka mbele yetu, tunasikiliza moja, tunatia ingine. Mumoja anakimbiza piano sawa polisi na mwenye magendo. Mwingine analala, paka unataka kumumwangia maji. Mwingine anaacha tarumbeta zinafunika piano, adabu hakuna.

Pale njo nilielewa kazi ya ule mwenye fimbo. Usicheke. Ni sawa bukari: unga moja, maji moja, moto moja, lakini bukari ya kila muke iko na mukono yake. Yeye hapike, ni kweli. Lakini anajua saa ya kuinua sufuria.

Ya kaseti yako sikuiona. Pengine ilipita na sikuijua. Lakini nilichagua ingine, na nakuambia bila haya: inapita yako. Yako ilikuwa na haraka, sawa weye. Hii, mwenye fimbo anajua kungoja. Kasirika kama unataka.

Samedi, mapambio yakaisha, batu bakakula. Mudogo yako Odile alikuwa amevuka kutoka kwetu Pweto na pirogue ya moteri. Bea akatia simu kwa baffle, ile sanduku kubwa ya sauti yenye tuliazima. Kalenga akaangalia chini. Vinanda vikaanza.

Mama yangu! Bazee ya ngambo bote bakasimama. Mumoja akaita bajukuu yake. Odile akakamata sakoshi yake, macho imetoka. "Nani amekufa?"

"Dada yako, mujinga!" nikamwambia. "Bukari ya matanga yake ungali nayo kwa kinywa!"

Balicheka, lakini hakuna mwenye alikaa. Nikaangalia zile nyuso nikaelewa: balikuwa banangoja mutangazaji. Ile sauti ya mwanaume mwenye koo kavu, yenye inakuja kila mara nyuma ya vinanda kusema raia bote babaki nyumbani. Balisimama vile, na sakoshi, na batoto kwa mukono. Vinanda vikashuka, vikashuka, vikanyamaza.

Piano ikaingia. Peke yake. Polepole, sawa mutu anagonga mulango ya rafiki.

Hakuna kitu kingine kilikuja. Hapana generali, hapana habari. Piano tu, na orkestre ikamujibu.

Odile akatia sakoshi chini, na bengine bakakaa mumoja mumoja. Kwa sehemu ya polepole alikaa kwenye muchanga, akakulilia, lakini si kile kilio ya kupiga kelele. Alilia sawa mutu anavua viatu vya kubana. Na sebene ikafika. Mutu hakuinuka! Nikasema, sasa nimepata haya. Bea njo akatoka katikati, kitambaa kwa kiuno, akacheza. Weye ulisema miguu yake ni ya mbao. Ungeona! Bamama ya Kibemba, benyeji ya hapa, bakapiga makofi, "Awe, mayo!", Kalenga akafuata muke yake, na muzee ya kanisa akatikisa bega moja, la upande wenye pasta haone.

Mahali pako sokoni Bea njo anauzisha sasa. Anakunja nguo muzuri kukupita. Mwache.

Wakati ya kuagana, Odile akanishika shingo. "Mutuletee hii miziki kule Pweto pia. Kule bangali banaogopa." Miye, Mama Kalenga, tangu tuvuke sijarudisha muguu ngambo. Unajua. Hata harusi ya mutoto ya dada yangu sikuenda. Lakini nimemwambia ndiyo. Upepo ikitulia, nitavuka na Bea na baffle. Tutaitia katikati ya soko, muchana, kwa nguvu, na nitasimama pale mbele yabo, nibaambie bangoje piano.

Neno yako nimeitua, rafiki yangu. Hii ya Pweto ni yangu miye.

Lala muzuri. Na uache kugombeza batu huko.

Mama Ngoy